Majalada ya viberiti: anza na anwani, rangi zitafuata

Wengi wanaoanza kukusanya majalada ya zamani ya viberiti vya karatasi, vile vya kukunja vyenye njiti zilizobanwa kwa pini, huvutwa na michoro: jogoo mwekundu, meli, mwanamke mwenye kofia pana. Sina neno na hilo. Lakini kama unachotafuta ni kumbukumbu za mji uliokulia, tazama anwani kwanza. Jalada lililochakaa lenye jina la mtaa wenu lichukue, hata kama jipya linalong'aa liko pembeni yake.

Viberiti hivi vilikuwa matangazo yaliyogawiwa bure. Hoteli, mgahawa, kinyozi, muuza fanicha, benki, wote waliweka majina yao juu yake. Biashara ndogo kama hizo haziandikwi kwenye vitabu vya historia, na ni chache zilizopigwa picha. Duka likishafungwa na jengo likabomolewa, huenda kipande hicho cha karatasi ngumu ndicho pekee kinachotaja kwamba lilikuwepo, pamoja na namba yake ya simu.

Kukadiria umri wa jalada kunataka jicho tu. Mmarekani Joshua Pusey, mwanasheria wa Pennsylvania, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kiberiti cha karatasi mwaka 1892, na katika muundo wake sehemu ya kukwaruzia ilikuwa ndani, jirani kabisa na njiti. Kampuni ya Diamond Match iliponunua haki hiyo, sehemu hiyo ikahamishiwa nje, upande wa mbele. Ndiyo maana majalada mengi yana onyo la kufunga kabla ya kuwasha. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Marekani viliipeleka nyuma kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo jalada la Marekani lenye sehemu ya kukwaruzia mbele, kwa kawaida, ni la kabla ya hapo. Tazama pia namba ya posta: tarakimu tano zilianza kutumika huko mwaka 1963. Namba ya simu inayoanza na jina la kituo cha simu au herufi zake nayo huashiria uzee. Usitegemee dalili moja, zilinganishe.

Njiti ziondoe. Najua wapo wanaopenda kiberiti kizima, lakini sanduku lililojaa njiti ndani ya nyumba ni hatari ya moto, na pini ikishika kutu hula karatasi. Inua miguu ya pini taratibu kwa kisu chembamba, usiivute, kisha toa njiti, nyoosha jalada na uliweke chini ya vitabu vizito kwa siku chache. Gundi na selotepu visiguse kabisa. Tumia albamu yenye mifuko au kona za picha, na iwe mbali na jua na unyevu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kukaa na wazee. Ukimuuliza mtu mzima anakumbuka nini kuhusu mji wa zamani, atakwambia ulikuwa mzuri, basi. Mpe jalada mkononi, muulize mlango ulikuwa upande gani. Nilimpa shangazi yangu jalada la mgahawa ambao sikuwahi kuuona. Aliligeuza, akasoma hesabu ambazo mtu alizijumlisha ndani kwa penseli, akasema, "Sisi tulikuwa tunaingilia uani, mwanangu. Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni." Kutoka hapo akaniambia ngazi zilikuwa wapi, redio ilikaa juu ya kabati gani, na nani alikatazwa kukopeshwa.

Maneno kama hayo yaandike siku hiyo hiyo, kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya jalada lenyewe. Weka jina la aliyesimulia, kwa ridhaa yake, na tarehe. Wawili wakipingana kuhusu mahali duka lilipokuwa, andika kauli zote mbili, kwa kuwa biashara nyingi zilihama mtaa bila kubadili jina, na jalada la pili lenye anwani tofauti linaweza kukuonyesha kwamba wote walikuwa sahihi. Kisha piga picha mbele, nyuma na ndani, na nakala uipeleke maktaba ya mji, maana wajukuu wa wenye maduka hayo huenda huko kuuliza.