Barakoa ya kitambaa na mvuke wa zebaki

Unauliza kama barakoa ya kitambaa inakukinga unapochoma dhahabu iliyoshikana na zebaki. Hapana ndugu, haikukingi hata kidogo. Zebaki ikipata moto inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, unapita kwenye kitambaa, unaingia mapafuni, kisha damuni hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana wachomaji wa siku nyingi huanza kutetemeka mikono. Kinachosaidia ni retoti: chombo cha chuma chenye mfuniko unaobana na bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke unapoa, zebaki inarudi kuwa majimaji na unaitumia tena, kwa hiyo hata gharama ya kununua nyingine inapungua. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza retoti vizuri tu, ila mabomba yasiwe ya shaba.

Usiifungue ingali ya moto, na usichomee nyumbani, hasa kama kuna mjamzito au watoto. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ambao Tanzania iliuridhia 2020, unataka kuchoma wazi na kuchomea kwenye makazi kukomeshwe. Unataka pia kukomeshwe kupeleka kwenye sayanaidi (kemikali ya kutolea dhahabu) marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, ambayo bado yana zebaki.