Bosi anatundika limau na pilipili mlangoni, ni uchawi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nauza kwenye duka la vitambaa hapa Dodoma mjini, bosi wangu ni Mhindi. Kila asubuhi kabla hatujauza kitu anawasha taa ndogo ya samli mbele ya picha ya mungu mwenye kichwa cha tembo, anazungusha udi mpaka kwenye droo ya hela, na Jumamosi anabadilisha limau na pilipili alizotundika mlangoni. Wenzangu wanasema ni uchawi, niache kazi. Nikamuuliza dini yake inasemaje, akanijibu "hii sio ya kusema, ni maisha". Sijaelewa. Msomaji, Area C.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na usiache kazi. Kwanza tuweke sawa, Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, Mhindu ni wa dini ya Kihindu, maana kuna Wahindi kibao ambao ni Waislamu, Wakristo, Masingasinga.

Limau moja na pilipili saba ni za kuzuia kijicho. Wanasimulia kwamba Lakshmi, mungu wa neema, ana dada yake Alakshmi anayeleta ufukara na magomvi, na huyo anapenda vichachu na vikali, basi unamwekea chakula chake nje, anakula pale pale mlangoni anaondoka, ndani haingii. Sio kila Mhindu anafanya hivyo. Ila hili neno uchawi linaniuma, sisi wenyewe mtoto mchanga tunamfunga uzi mweusi mkononi kwa hofu hiyo hiyo na hatujiiti wachawi.

Mwenye kichwa cha tembo ni Ganesha, anayeondoa vikwazo, ndio maana jambo lolote linaanza na yeye, iwe harusi, safari au kufungua duka.

Sasa hiyo droo ya hela anayoizungushia udi ndio jibu lako, kwa nini anasema dini yake ni maisha. Uhindu hauna mwanzilishi mmoja wala shahada ya kutamka ndio uingie, wengi wao wanauita Sanatana Dharma, na dharma ni ule mwenendo unaokupasa hapo ulipo, mwanafunzi ana wake, mwenye familia ana wake, mzee anayeanza kuachia mambo ya dunia ana wake. Kutafuta mali kwa haki ni moja ya malengo manne ya maisha kwao, pamoja na dharma yenyewe, raha, na moksha yaani kufunguka kwenye mzunguko wa kufa na kuzaliwa tena. Kwa hiyo kwa bosi wako kupima kitambaa sawasawa ni ibada tayari, akimpunja mteja robo mita hiyo ni karma, itamrudia tu, kama sio maisha haya basi yajayo.

Diwali, sikukuu yao ya taa, ikifika, Oktoba au Novemba, muombe ukaangalie. Wafanyabiashara wa Kigujarati, yaani wenye asili ya Gujarat huko India, siku hiyo wanaweka daftari jipya la hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesha, wanalichora alama kwa unga mwekundu, wanaliombea, na siku hizi wengine wanaweka na kompyuta hapo hapo.