Programu mpya kwenye seva ya zamani: kwa mnaoanza kazi za data za maabara

Wadogo zangu mnaoingia atachi kwenye maabara za Kisumu, Maseno, Kakamega au kule Njoro, wengi wenu mtapewa akaunti kwenye seva iliyowekwa mkiwa bado shule ya msingi. Mara nyingi itakuwa na CentOS 7, mfumo endeshi wa Linux uliotoka 2014 na ambao usaidizi wake ulikoma tarehe 30 Juni 2024. Msiidharau. Iko hapo kwa sababu kuna watu ambao uchambuzi wao wa miaka umeiegemea, na kwa sababu pesa za mradi hununua vitendanishi kwanza, mashine baadaye. Kazi yako ni kuendesha programu unayoihitaji bila kumvurugia mwenzako aliye katikati ya kazi yake.

Mapema sana utakutana na ujumbe huu:

/lib64/libc.so.6: version `GLIBC_2.28' not found

Usikimbilie kuubandika kwenye intaneti. Usome, kwa maana jibu limo ndani yake. Glibc ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux huipitia ikitaka kufungua faili, kuomba kumbukumbu au kuongea na mtandao. CentOS 7 ina glibc 2.17, ya mwisho wa 2012. Programu iliyotengenezewa kwenye mfumo mpya zaidi inaweza kudai vitu ambavyo 2.17 haina, na ikivikosa inakataa kuanza. Programu ya zamani kwa kawaida hukubali glibc mpya. Mpya haikubali ya zamani. Andika ldd --version uone seva yako ina glibc toleo gani, kisha linganisha na namba iliyo kwenye ujumbe. Hii ndiyo sababu hata VS Code, programu ya kuandikia kodi ambayo wengi wenu hupenda kuunganisha na seva kutoka kwenye laptopu, inawagomea: tangu toleo 1.99 la 2025 inadai glibc 2.28 upande wa seva.

Kuna ushauri utakaopewa ambao naomba muukatae kabisa: kupakua glibc mpya na kuiweka mahali pa ile ya mfumo. Amri za kila siku kama ls, cp, bash na ssh (ya kuingilia seva kwa mbali) zote zinaitegemea faili hiyo moja. Ikiharibika, zinagoma kwa pamoja, na msimamizi mwenyewe hawezi kuingia kurekebisha hadi aiendee mashine kwa miguu. Kuiweka kwenye folda yako na kuielekeza kwa LD_LIBRARY_PATH, mpangilio unaoiambia programu itafute maktaba wapi, nako huishia kwenye segmentation fault, yaani programu kuanguka ghafla, hata kwa amri ndogo kama ls. Vivyo hivyo na Python. Yum, zana ya kusakinishia programu za mfumo kwenye CentOS 7, inategemea Python 2.7, kwa hiyo anayegeuza /usr/bin/python iwe Python 3 ameua yum.

Anza na conda, zana ya kusakinishia programu, au micromamba ambayo ni nyepesi zaidi. Haihitaji ruhusa ya msimamizi, inakaa kwenye folda yako, na inakuja na maktaba zake nyingi, ikiwemo libstdc++ (maktaba ya programu za C++) mpya ambayo CentOS 7 haina. Samtools, minimap2 na zana nyingine nyingi za jenomu utazipata kupitia bioconda, hazina ya conda ya programu za biolojia. Lakini conda haibebi glibc. Inatumia ile ya seva. Ikikuambia kwamba inahitaji __glibc kubwa kuliko 2.17, kuna njia ya kuidanganya kwa CONDA_OVERRIDE_GLIBC, nayo itasakinisha bila kulalamika, kisha programu itagoma unapoiendesha. Chukua toleo la nyuma kidogo la zana hiyo, au hamia kwenye kontena.

Kontena ndiyo njia ninayoiamini zaidi. Apptainer, iliyokuwa ikiitwa Singularity, hufunga programu pamoja na glibc yake ndani ya faili moja ya .sif. Kwenye CentOS 7 idadi ya namespaces za watumiaji, kipengele kinachomwezesha mtumiaji wa kawaida kuendesha kontena, huwa sifuri, kwa hiyo muombe msimamizi aiongeze, na mweleze ni kwa nini. Faili hizi ni nzito, nyingine zinapita gigabaiti moja, na akiba yake hukaa kwenye home yako, folda yako binafsi, hadi nafasi iishe; elekeza APPTAINER_CACHEDIR kwenye diski kubwa. Pakua usiku, mtandao ukiwa umetulia.

Mambo mawili huwasumbua sana wageni hapa. La kwanza, kontena huona home yako, /tmp na folda uliyosimama, basi. Data ikiwa /data/malaria, programu itasema faili haipo ilhali unaiona kwa macho yako. Ongeza --bind /data kwenye amri yako ya apptainer ili kontena iione folda hiyo. La pili ni gumu kuligundua: Python iliyo ndani ya kontena huokota pakiti zilizobaki kwenye ~/.local, unapata matoleo yasiyoelewana, na kosa linaonekana limetoka kwa mwenye programu. Weka PYTHONNOUSERSITE=1, kosa hilo hutoweka.

Kontena nayo ina kikomo. Inatumia kerneli, kiini cha mfumo, ya seva ileile. CentOS 7 ina 3.10, ambayo bado inatosha, lakini kwenye CentOS 6 yenye 2.6.32 utaambiwa "kernel too old", kwa kuwa glibc tangu 2.26 inadai angalau kerneli 3.2. Na ukiona "Illegal instruction", huenda tatizo ni prosesa yenyewe. Programu nyingi mpya hutengenezwa kwa kutegemea AVX2, seti ya maagizo ya prosesa ambayo Intel ilianza kuiweka 2013. Amri lscpu itakuonyesha kama ipo. Isipokuwepo, tafuta toleo lisiloidai, au litengeneze mwenyewe, ukikumbuka kwamba gcc 4.8.5 ya CentOS 7, zana inayogeuza kodi kuwa programu, haiijui C++17, toleo la lugha ya C++ ambalo programu nyingi mpya hutumia. Tumia ile ya conda.

Kabla ya kumwaga sampuli zote, chukua faili moja ndogo, iendeshe kwenye seva na kwenye laptopu yako kwa toleo lilelile, ulinganishe matokeo. Yakilingana, hifadhi ile .sif au orodha ya conda env export kwenye folda ya matokeo yenyewe, si kwenye home yako, kwa sababu akaunti yako itafungwa siku atachi ikiisha na data itabaki na mwingine.