Kabla Hujaiwasha Seva Upya, Hesabu Anwani Zilizobaki

Juzi nikiwa kwenye foleni ya feri pale Likoni niliingiwa na ujumbe wa kijana mmoja anayesoma makala zangu. "Assalaam alaykum kaka. Podi zangu mpya hazipandi tangu asubuhi. CPU iko asilimia 30, memori imebaki tele, mashine nimeziwasha upya mara tatu. Bosi amesimama mlangoni."

Podi ni vifurushi vidogo vinavyoendesha programu juu ya mashine. Nilihisi tumbo likinikaza. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi, neno kwa neno, miaka minne iliyopita. Nikamjibu kwa swali moja tu: subneti yako, yaani kipande cha mtandao mashine zako zinamokaa, imebakiwa na anwani ngapi za IP, zile namba za kukitambulisha kila kitu mtandaoni? Kimya. Hakuwa akijua. Na mimi siku yangu sikujua.

Wakati ule nilikuwa fundi pekee wa mifumo katika kampuni moja ya uwakala wa forodha, upande wa Shimanzi. Mfumo wetu uliwaonyesha wateja mzigo wao umefika wapi: meli imefunga gati Kilindini, ushuru umelipwa, kontena imeruhusiwa kutoka. Mashine tulikodi kwa AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, kituo cha Cape Town, na kila kitu tulikiendesha juu ya EKS, huduma yao ya kusimamia podi. Mtandao pepe niliupanga mimi mwenyewe, na wallahi niliuonea fahari. Nilichukua 10.20.0.0/16, anwani 65,536 (namba ya baada ya mkwaju ikikua, anwani hupungua). Halafu, kwa ubahili ambao hadi leo siuelewi, subneti ya mashine nikaikata /26. Anwani 64. Nikajiambia mashine mbili na podi thelathini zitaenea na nafasi itabaki.

Ijumaa moja wateja wakajaa kuliko siku zote. Podi zikaanza kujiongeza kama nilivyozipangia, kisha zikakwama kwenye ContainerCreating, yaani bado zinaundwa. Nikakimbilia nilikozoea: CPU, diski, hifadhidata, kuwasha upya. Swala ya Ijumaa ilinipita. Simu za wateja zilipokewa na dada wa mapokezi, nami nikimsikia kupitia ukuta wa mbao akiomba radhi kwa kosa langu. Ilipogonga saa kumi ndipo nikafungua matukio ya podi moja na kuusoma mstari hadi mwisho: failed to assign an IP address to container. Nikaiuliza subneti. Ikajibu AvailableIpAddressCount: 0.

Sikuamini. Podi hazikufika hata arobaini, anwani 64 zimeliwa na nani?

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia. Kwanza, AWS hujiwekea anwani 5 katika kila subneti: nne za mwanzo na ile ya mwisho kabisa. Kwa hiyo 64 zangu zilikuwa 59. Pili, kwenye EKS kila podi hupewa anwani halisi ya subneti, na mashine haisubiri podi izaliwe ndipo iombe. Mashine ya aina ya m5.large, kama zangu, hubeba kadi 3 za mtandao, kila kadi anwani 10, na kwa kawaida yake hushika kadi moja nzima ya akiba. Ukianza kugusa kadi ya pili, ya tatu nayo inachukuliwa. Mashine zangu mbili tu zilitaka 60, nami ninazo 59, tena msawazisha mzigo, anayegawa maombi ya wateja kwa podi, naye alikuwa humo humo akichota zake. Anwani zilikuwa zimeshikwa na hazitumiki, kama viti vya matatu vilivyowekewa leso na mwenyewe hajafika.

Tiba ilichukua saa moja na nusu. Subneti ya AWS haipanuliwi ikishaundwa, basi nikakata nyingine ya /22, anwani 1,019 za kutumia, nikaanzisha mashine mpya humo na kuhamisha podi. Anwani zilikuwepo muda wote, zaidi ya elfu sitini na tano, zimelala bure.

Jumatatu bosi aliniita mbele ya wenzangu wote akaniita fundi wa kubahatisha. Mkataba wangu haukuongezwa. Kosa lilikuwa langu, nalikubali, lakini neno lile bado linaniwasha, maana saa zote zile za kutafuta kosa sikukaa hata dakika moja.

Basi nisikilizeni, nyinyi mnaotaka kukabidhiwa mifumo ya watu. Angalia namba ile. Endesha aws ec2 describe-subnets leo, kabla hujalala, usome AvailableIpAddressCount ya kila subneti. Usihesabu podi ukadhani umehesabu anwani. Halafu orodhesha kadi za mtandao kwa describe-network-interfaces; zile zenye hali ya available hazijaunganishwa na kitu chochote, mara nyingi ni mabaki ya vitu mlivyofuta, nazo bado zimekalia anwani. Ukibanwa kabisa na huna subneti nyingine, punguza akiba kwa WARM_IP_TARGET, mpangilio unaosema mashine ishike anwani ngapi za akiba, ila ujue unanunua muda tu. Mimi nimeandika skripti ndogo inayosoma namba ile kila saa na kunitumia ujumbe ikishuka chini ya asilimia 20. Mwezi uliopita ilinistua usiku wa manane kwa mteja wangu wa sasa, na asubuhi ile hakuna mteja wake hata mmoja aliyejua kulikuwa na jambo. Angalia namba ile. Mtu anayekukabidhi mzigo wake hastahili kupigiwa simu za kuombwa radhi.

Feri ilikuwa imeshafika ng'ambo ya pili kijana aliponijibu: "Kaka, zimebaki 2." Anahamisha mashine zake Jumapili usiku, watu wakishalala. Nimemwambia simu yangu itakuwa wazi.