Mume ana hela ya giza, mke anataka mshahara

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, nimeolewa mwaka wa sita sasa, watoto wawili. Kwetu ni Kasulu ila tunaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini. Mume wangu ana kipe chake, chombo cha kuvulia dagaa, anavulia pale mwaloni Kibirizi. Wiki moja ananiletea laki nne, wiki nyingine ananipa elfu tatu ya mboga halafu analala mchana kutwa. Nimepiga hesabu: laki nne mara nne ni milioni moja na laki sita kwa mwezi. Zinakwenda wapi? Nikafungua simu yake, nikakuta tangu mwisho wa 2024 anamtumia mwanamke mmoja laki na nusu, karibu kila mwezi, kiasi kilekile. Nikiuliza ananuna. Mimi ni mvumilivu, hata ziwa lilipofungwa watu wasivue nilivumilia, ingawa kula tulikula. Nina biashara yangu ya mawese, hiyo haimhusu. Naweka kikoba na kulipia vitenge vya Kongo ninavyochukua kwa mkopo. Nidai talaka au nimfuate huyo mwanamke? Mama wa Wawili.*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mawazo. Pole yenyewe ndiyo hiyo moja, maana barua yako nimeirudia, na kila nikiirudia namhurumia mumeo.

Hiyo laki nne mara nne, nani alikutuma uzidishe? Ziwa Tanganyika halina tarehe ya mshahara. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa: taa inawashwa, dagaa wanaifuata, wavu unanyanyuliwa. Sasa mbalamwezi ikishamulika ziwa zima, taa ya mumeo itamwita nani? Dagaa wanatawanyika. Ndiyo maana mwezi ukikaribia kujaa vipe vinalala ufukweni na wavuvi wanashona nyavu, mpaka giza lirudi. Wiki yako ya elfu tatu na usingizi wa mchana ndiyo hiyo. Miaka sita unaishi Mwanga! Ungetoka uani ukatazama juu, ungejua mfuko wa mumeo ukoje kabla hujapapasa simu yake. Kwenu Kasulu mkishavuna maharage mnaweka ghalani na mnakula kidogo kidogo, sijasikia mke akimuuliza mumewe mbona wiki hii hujavuna.

Tena hata hiyo laki nne ina wenyewe. Injini inataka mafuta, wavuvi wake wanataka mgawo wao, na wavu ukichanika leo haungoji giza lijalo. Wewe unakiona kipe kinarudi asubuhi, basi. Usione vyaelea, vimeundwa.

Tuje kwa huyo mwanamke, maana najua ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Kuna maneno matatu umeyapita mbio: "kula tulikula". Ziwa lilifungwa tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu. Mtu ambaye kazi yake ni kipe alikaa nchi kavu miezi mitatu, watoto wako wakala, na sioni popote ukilalamika kwamba mwenye nyumba aliwatoa nje. Ungetolewa ungeandika, nakujua. Hela ilitoka wapi mwanangu? Hukuuliza. Ikiingia kwetu hatuulizi, ikiingia kwa mwingine ndiyo tunafungua simu.

Kisha mwaka unapokaribia kuisha, laki na nusu zinaanza kwenda kwa mtu, kiasi kilekile, na baadhi ya miezi anaruka. Mimi ni mtu mzima, nimeona michepuko ya mjini na ya vijijini. Mchepuko hapokei kiasi kilekile. Leo anataka nywele, kesho simu imeanguka, keshokutwa mama yake kalazwa. Kiasi kisichopanda wala kushuka ni rejesho la deni. Sikuapii, mimi si mganga, ila mwenye duka au mkopeshaji anaweza kuwa mwanamke vilevile, na jina la kike kwenye muamala si ushahidi wa kitanda.

Mumeo naye hajapona. Kukopa ili nyumba ile ni uanaume. Kukopa ukanyamaza, halafu ukaulizwa ukanuna, ni utoto. Mficha uchi hazai, na mficha deni halipi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imemtwika mume matunzo ya mke na watoto, na haikuandika "isipokuwa mbalamwezi". Elfu tatu bila maelezo ni dharau hata kama ndiyo iliyokuwepo.

Ila wewe na mawese yako! Kweli, sheria hiyohiyo inakuachia mali yako iwe yako. Lakini nisomee tena ulichoandika: kikoba, na vitenge vya mkopo. Kwa hiyo nyumba moja ina wadaiwa wawili, kila mmoja anamficha mwenzake, na wote mnalala na mawazo mkidhani kila mtu anateseka peke yake. Hela ya mume ni yetu, ya mke ni yangu. Huu mtindo nauona kwa mabinti wengi siku hizi na haunifurahishi.

Na si nyinyi wawili tu. Angalieni tunavyooana. Kamati ya harusi inakaa miezi, ina mwenyekiti na mweka hazina, bajeti inaandikwa mpaka soda za watoto na posho ya MC. Harusi ikiisha kamati inavunjwa, na bibi na bwana harusi wanaingia kwenye nyumba isiyo na daftari hata la unga. Mabinti wanauliza ana gari, wavulana wanauliza anajua kupika. Nani kaulizwa anadaiwa na nani? Sare ya harusi ya shoga tunaichangia hata kwa kukopa, halafu mume akisema hakuna hela tunasema ana mtu.

Huyo mwanamke usimfuate. Utafika Kibirizi na kanga kiunoni, utamkuta na daftari lake, na kabla ya adhuhuri mwalo mzima utajua mumeo anadaiwa. Ngoja mbalamwezi. Atakuwa nyumbani, ameshalala, ameshakula. Asubuhi anaposhuka na macho mekundu usimguse. Anza kwa kuweka mezani daftari lako la kikoba na deni la vitenge, lote, hata lile la sare. Ndipo umuulize kwa upole: ziwa lilipofungwa tulikula nini?

Akijibu, panga naye kwa giza, achana na tarehe 30. Hela ya giza ikiingia itoke kwanza kodi, gunia la mchele, unga, mafuta ya kupikia, rejesho la watu. Inayobaki igawanywe kwa siku zilizopo mpaka giza lingine, hiyo ndiyo ya mboga. Itakuwa ndogo. Mawese yako yaiongezee, hutapungukiwa heshima.

Talaka iweke pembeni kwanza. Akikiri kwamba ni mwanamke kweli, niandikie upya, na siku hiyo nitakuwa upande wako, tena hasira zangu atazisoma hapahapa.