Mwaka Mmoja Dodoma, na Maboksi Bado Hayajafunguliwa

SWALI

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtumishi wa umma, mwenyeji wa Tanga, na mwaka jana nilihamishiwa Dodoma pamoja na binti yangu wa miaka 9. Tumepanga nyumba ya vyumba viwili huku Kisasa. Nyumba yenyewe haina kasoro, ila mpaka leo nusu ya mizigo imo kwenye maboksi, na nikirudi kutoka kazini jioni najiona kama mgeni aliyefikia kwa watu. Mkeka wa ukindu alioniachia marehemu mama umeanza kukatika pindoni, milango ya kabati la mvule nililotoka nalo nyumbani imelegea, na vumbi halina mwisho. Wenzangu ofisini wananishauri nikope kwenye kikoba ninunue kila kitu kwa mkupuo, sebule ifanane na zile tunazoziona kwenye simu, lakini mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe wala upakwe rangi bila ruhusa yake. Jirani yangu, mama mmoja wa Kigogo, aliniletea mlenda katika bakuli miezi minne iliyopita. Binti yangu hadi leo anauulizia, nami kwa kuona haya sijamkaribisha ndani hata siku moja. Nianzie wapi?

Mgeni wa Kisasa

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa uhamisho. Mwaka mmoja usikutie unyonge, kwa kuwa mji uliohamia nao unajua kungoja: uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na wengi wenu mkaanza kuwasili baada ya tangazo la mwaka 2016.

Fedha za kikoba ziache kwanza. Nilipoolewa Tabora nikitokea Pangani, nilikopa nikaagiza makochi ya kona, nikaipima sebule kwa kamba pande zote nne, wala sikukumbuka kupima mlango. Makochi yalifika jioni, yakalala barazani siku mbili, na mvua ya kwanza ya mwaka ikayakuta hapo hapo. Fundi ilimbidi akate kiegemeo kimoja ndipo yakaingia, na deni nililipa kwa miezi 11 nikiwa nimekalia makochi yanayolia kila mtu anapoinuka. Hata yangepita mlangoni, nilikuwa bado siijui ile nyumba: sikujua dirisha lipi linaingiza jua la alasiri wala upepo unatokea upande gani, kwa hiyo niliyapanga mahali ambapo hakuna aliyeweza kukaa kuanzia saa tisa.

Wewe umekwisha kukaa humo misimu yote, na barua yako inaonyesha kwamba nyumba imekueleza mengi. Ukindu unakatika na kabati limelegea kwa sababu moja. Dodoma ni nchi kavu, iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake huanza kiasi cha Desemba na kukoma Aprili, na miezi iliyobaki hewa hukausha kila kilichozoea unyevu wa Tanga. Mbao za mvule zimepoteza maji zikasinyaa, kwa hiyo mlango ambao zamani ulikuwa ukikwama wakati wa masika sasa unacheza. Fundi asije akaongeza vipande vya mbao. Mwambie akaze skurubu za bawaba na kutia sumaku ndogo ya kushikia mlango, basi.

Mkeka ndio wa kushughulikia mapema. Wasukaji huulowesha ukindu kabla ya kusuka ili ukubali kupindwa, na mkeka uliozeeka unataka huruma hiyo hiyo. Usiukunje wala usiuanike juani. Upanguse kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, uuache kivulini unyevu uishe, kisha uuviringishe. Na pale pindo lilipokatika shonea utepe wa kitambaa, hata wa kanga iliyochakaa. Kuutundika ukutani, kama wafanyavyo wenye sebule za kwenye simu, sikushauri, maana mama yako aliukalia.

Kuhusu ukuta, mwandikie mwenye nyumba barua fupi, utaje ukuta mmoja tu na rangi unayoitaka, na umwahidi kuurudisha ulivyokuwa siku utakapohama. Wapo wanaokataa kwa mdomo jambo ambalo wakiliona kwenye karatasi hulikubali. Akiridhia, chagua rangi inayostahimili kufutwa kwa maji na sabuni, kwa sababu ile ya bei ya chini huondoka pamoja na vumbi. Pazia linataka kitambaa chenye upana mara mbili ya upana wa fimbo ili lipate mikunjo, na kiwe chepesi cha kufulika nyumbani, kwani pazia zito likishakunywa vumbi la Agosti utalichukia kabla Septemba haijaisha. Zulia la manyoya lisahau kabisa. Maboksi mwachie binti yako afungue moja kila Jumamosi, na apewe kona yake ya kupanga atakavyo bila wewe kumsahihisha.

Linalonihangaisha mimi kuliko kabati ni bakuli. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, nawe unalijua hilo, ndiyo maana kimekaa kwako miezi minne kikingoja siku ambayo sebule itakuwa tayari. Jumapili hii kaanga kaimati, ulijaze, ulipeleke mwenyewe, na umwombe mama huyo aje kwako kesho yake jioni jua likipoa. Tandika mkeka upande wa dirisha lenye upepo, mkae chini nyote watatu, na umwulize ule mlenda huwa anaupikaje, maana kuna mtoto anauulizia.