Mrudishe kuku na vifaranga wake akiwa bado mkali

Wanaoanza kufuga kuku wa kienyeji huniuliza sana: kuku aliyetotoa nimchanganye lini na wenzake? Wengi husubiri vifaranga wakomae, miezi miwili hivi, ndipo wawafungulie. Mimi sikubaliani nao. Kuku mwenye vifaranga wa wiki mbili anamkimbiza hata jogoo, na ulinzi huo hauna bei. Ukingoja mpaka aanze kuwachoka, unawapeleka watoto ugenini bila mlezi.

Ila mapema siyo siku ile ile ya kutotolewa. Wiki ya kwanza waache peke yao mahali pakavu penye maranda, au chini ya tenga kubwa. Kifaranga mchanga hula kidogo, kisha anarudi chini ya mbawa kupata joto. Mama asipotulia, wanapigwa na baridi.

Wiki hiyo mkague na mama mwenyewe. Katika siku 21 za kuatamia huwa haogi vumbi vya kutosha, na utitiri hapo ndipo hushamiri. Funua manyoya ya chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Ukiona vidoa vinatembea, mpake dawa ya unga ya duka la mifugo. Angalia pia upanga wa kichwani na kope, maana viroboto hujibandika hapo, na wakihamia kwa kifaranga humnyonya mpaka anaishiwa damu.

Chanjo ya mdondo, yaani ugonjwa wa Newcastle, haina mjadala. Ile ya I-2 inayostahimili joto ni tone moja tu jichoni, hata kifaranga mdogo anapewa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hao wakubwa unaowachanganya nao wawe wamechanjwa, la sivyo umefanya kazi bure.

Wiki ya pili wahamishie ndani ya banda lenyewe, kwenye kona iliyozungushiwa wavu. Matundu yawe madogo, maana kifaranga akipenya upande wa pili mama hawezi kumfuata. Siku za mwanzo matetea watakuja kusimama wavuni, shingo wima, na mama atavimba manyoya na kuwarukia kwa kelele. Waache wazoeane. Wakianza kupita pale bila hata kugeuza shingo, fungua.

Fungulia jioni, kama saa kumi, wengine wakiwa wameshashiba, tena iwe nje uwanjani. Bandani kifaranga akidonolewa hana pa kukimbilia. Mama atapigana na mmoja wawili, usiingilie, mara nyingi huisha haraka. Jogoo watu humwogopa bure. Majogoo wengine wakipata mdudu hata huwaita vifaranga waje wale. Wasumbufu ni matetea wa cheo cha kati, wale wanaoonewa na wakubwa wakatafuta wa kumwonea. Ukiona mmoja anawinda vichwa vya vifaranga mpaka damu inatoka, mtoe yeye umfungie kwingine siku mbili tatu. Usimtoe mama. Mtetea akirudi, mgeni ni yeye.

Kama una kuku wawili waliototoa kwa nyakati tofauti, usiwafungulie siku moja. Kuku anawajua wanawe, na wa mwenzake anaweza kuwaua.

Kwa sisi wa Pwani kuna kunguru, wale wa asili ya India walioingizwa Zanzibar miaka ya 1890, wakaenea mpaka kwetu. Mama mkali huwazuia, ila uwanja uwe na kichaka au kichanja cha kujificha chini yake.

Chakula ndicho kinachosahaulika. Cha kuku wa mayai kina madini mengi ya chokaa, na kifaranga akikila kwa muda mrefu figo zake huharibika. Mimi naweka tenga limefunikwa juu ya matofali yaliyolazwa, chakula cha vifaranga ndani. Wadogo wanapita chini, mama anabaki nje anazunguka huku akilalamika. Maji yawe kwenye sahani isiyo na kina, yenye kokoto ndani, wasizame.

Usiku mama hulala chini na watoto wakati wengine wako juu ya vichanja, hivyo mpe kona isiyodondokewa na vinyesi. Kati ya wiki ya tano na ya nane, mara nyingi, kuna jioni atapanda juu na kuwaacha. Usiku huo ingia na tochi. Utawakuta wamerundikana ukutani, na wa chini anaweza kukosa hewa. Watawanye, uwawekee na kichanja kifupi cha kujifunzia. Kesho yake usishangae mama akimdonoa mwanawe kwenye chakula, ameshaanza kuwaza mayai mengine.